Tusivunje nyumba ya lango
Maneno ya komite ya ujenzi mbele ya mkutano mkuu, kabla ya kura



Mkutano uliopita ulitupa kazi moja. Mulisema: mukaangalie ile nyumba ya lango kule shambani, mutuletee jibu kama tuivunje ao tuitengeneze. Wengine walikuwa na jibu lao tayari. Tulisikia kwa masikio yetu: "Ile nyumba ya zamu inafaa nini? Tuvunje tu, tupate matofali." Wengine, hasa wazee waliozaliwa vijiji vya karibu, walisema neno zito zaidi: "Ile nyumba ilitutesa. Ianguke." Na kuko waliokaa kimya, wakingoja kuona gharama.

Tumeenda. Tumepima, tumepanda juu ya malata, tumechimba kidogo chini ya ukuta, tumeongea na mafundi na wazee. Tunataka leo tuwaeleze mambo matatu: nyumba ya lango ni kitu gani na ilitoka wapi, yetu inatuambia nini ukiisoma vizuri, na tunapendekeza nini. Kisha kura ni yenu.

Nyumba ya lango ni kitu gani

Kila mutu wa Lubumbashi anaijua bila kuiita jina. Unaingia kwenye lupango ya mutu mwenye uwezo: kuko lango la chuma, na pembeni kuko kachumba ka zamu. Zamu analala pale, anapika pale, anajua nani ameingia saa ngapi na nani ametoka na nini. Hiyo ndiyo nyumba ya lango, katika udogo wake. Ni nyumba ambayo kazi yake si kulala tu. Kazi yake ni kujua.

Sisi wengi tuliorudi kutoka Ubelgiji tuliiona kubwa yake. Ukitoka Bruxelles na gari la moshi kwenda kusini, ao ukienda upande wa Hesbaye, unaona kwenye mashamba yale majengo ya matofali yaliyojifunga pande nne kama sanduku. Wale waliofanya kazi ya kuvuna wanayajua. Nyumba ya mwenye shamba upande mmoja, zizi la ng'ombe na farasi upande mwingine, ghala kubwa la mavuno upande wa tatu, na katikati uwanja. Kwa nje ni ukuta mtupu, madirisha machache. Njia ya kuingia ni moja kubwa, na juu yake mara nyingi kuko chumba ao mnara mdogo wenye matundu ya njiwa.

Kila kitu pale kilikuwa na sababu. Upana wa lango ni upana wa gari la ng'ombe ao farasi lililojaa nyasi kavu. Kimo chake ni kimo cha mzigo ule. Chini kwenye pembe mbili waliweka mawe magumu yaliyochongoka, ili gurudumu likikosea njia ligonge jiwe, lisile matofali. Chumba cha juu kilihifadhi nafaka, kwa sababu pale ni pakavu na mwizi hafiki bila kupita mbele ya mlinzi. Njiwa nao hawakuwa mapambo tu: zamani kuwa na nyumba ya njiwa ilikuwa alama ya bwana mwenye haki zake, na kinyesi chao kilikuwa mbolea.

Kwa hiyo nyumba ya lango ya shamba ilifanya kazi nne pamoja: ilizuia mwizi, ilihesabu kinachoingia na kutoka, ilitunza mavuno, na ilionyesha ukubwa wa mwenye shamba. Muzikumbuke hizo kazi nne. Tutazirudia tukifika kwetu.

Shamba moja la Ubelgiji: Hougoumont

Tunachukua mfano mmoja, kwa kuwa wengi wetu tulipita karibu yake, hata kama ni kwa kupanda ngazi za Simba wa Waterloo siku ya matembezi. Chini ya ule mlima wa Simba, upande wa magharibi, katika komini ya Braine-l'Alleud, kuko shamba moja linaitwa Hougoumont. Wenyeji wengi walisema tu Goumont. Lilikuwa shamba na nyumba ya bwana pamoja, majengo yake makubwa yakiwa ya karne ya 17. Lilikuwa na nyanja mbili. Ule wa kaskazini ulikuwa wa kazi: ghala kubwa, mazizi. Ule wa kusini ulikuwa na nyumba ya bwana na kanisa dogo lililoshikamana nayo. Upande wa mashariki, bustani yenye ukuta mrefu wa matofali, na nyuma yake miti ya matunda. Kusini kulikuwa na pori dogo.

Malango makubwa yalikuwa mawili. Lango la kusini lilipita chini ya jengo: hiyo ndiyo nyumba ya lango yenyewe. Ndani yake na pembeni aliishi mutunza bustani, kwa hiyo mpaka leo inaitwa nyumba ya mutunza bustani. Lango la kaskazini lilikuwa la magari na mifugo, upande wa uwanja wa kazi.

Tarehe 18 Juni 1815 vita ya Waterloo ilianzia pale, karibu saa tano na nusu za asubuhi. Jeshi la Wellington lilikuwa limeweka askari ndani ya shamba: Wajerumani wa Nassau na Hanover, pamoja na Waingereza wa gadi. Usiku na asubuhi walitoboa matundu kwenye kuta ili wapige bunduki kutoka ndani. Wafaransa walikuja kutoka kusini, wakapita porini, wakajikuta mbele ya nyumba ya lango. Hapo ndipo ujenzi ule ulipoonyesha kazi yake. Ukuta mtupu, mlango mzito, madirisha juu yao, na risasi inatoka madirishani. Mlango wa kusini haukuvunjika.

Basi wakazunguka kwa upande wa magharibi mpaka kaskazini. Lango la kaskazini lilielekea upande wa Wellington, na ndilo lililotumika kupitisha watu na risasi. Lilikuwa halijafungwa kwa nguvu kama lile la kusini. Ofisa mmoja Mfaransa, Legros, mutu mkubwa wa mwili, alishika shoka, akavunja, akaingia na kikundi cha watu. Luteni kanali James Macdonell na wenzake wachache wakasukuma mabawa ya mlango kwa mabega, wakafunga, wakatia mti nyuma. Wale waliokuwa wameingia waliuawa. Inasimuliwa kwamba aliachwa mutoto mmoja tu, mpiga ngoma. Wellington mwenyewe baadaye alihesabu kufungwa kwa lile lango kuwa jambo kubwa la siku ile.

Sisi si watu wa kusifu vita, na nchi yetu inajua vita kuliko tungependa. Tunasema hivi kwa sababu ya ujenzi. Lango lililoingiliwa si lile la mbele, lenye nyumba juu yake na mlinzi dirishani. Ni lile la nyuma, lililoachwa kwa ajili ya watu wa nyumbani. Wanachama wanaojua historia ya vyama vya akiba hapa mjini wataelewa bila sisi kuongeza neno.

Mchana ule mizinga ya Wafaransa ilitia moto. Nyumba ya bwana iliungua, ghala kubwa likaungua na majeruhi waliokuwa wamelazwa ndani. Moto ulifika ndani ya mlango wa kanisa dogo, ukaunguza miguu ya msalaba wa mbao, ukazimika pale. Jioni vita ikaisha.

Kilichofuata

Hapa ndipo tunataka musikilize vizuri, kwa sababu watu wengi wanaosimulia Hougoumont wanaishia jioni ile.

Nyumba ya bwana haikujengwa tena. Shamba lakini liliendelea. Wakulima walirudi, wakafunika ghala upya, wakatia ng'ombe zizini, wakaishi pale pale karibu miaka mia mbili mbele. Victor Hugo alifika kutembea pale mwaka 1861, na ndani ya kitabu chake Les Misérables cha 1862 anaeleza lile shamba, kuta zake na lango lake. Walikuja wageni wengi wengine. Katikati ya wageni, mkulima alikuwa anakamua ng'ombe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wakaondoka, na shamba likanunuliwa na umoja wa serikali za mitaa unaosimamia uwanja wa vita. Likakaa tupu. Na nyumba tupu munajua inavyokwenda: kigae kimoja kinaanguka, maji yanaingia, mbao inaoza, ukuta unavimba. Kuta zilizoshinda mizinga zilianza kushindwa na mvua. Ndipo Wabelgiji na Waingereza wakatafuta pesa pamoja. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitoa paundi milioni 1, wengine wakaongeza. Kazi ikaisha kwa wakati wa kumbukumbu ya miaka 200, Juni 2015.

Tulitazama walifanya maamuzi gani, kwa kuwa ndiyo tunayotafuta sisi pia. Kwanza, hawakujenga upya nyumba ya bwana. Iliungua, waliacha ionekane kwamba iliungua. Pili, walitengeneza ghala, ambamo watu walikufa vibaya, na hawakuficha kwamba walikufa humo. Tatu, nyumba ya lango ya kusini hawakuifanya kitu cha kutazama tu. Shirika la Landmark Trust lilitengeneza chumba cha wageni kulala ndani ya nyumba ya mutunza bustani. Baada ya hapo mutu aliweza kufika na sanduku lake, akalala pale ambapo zamani mlinzi alilala. Moshi wa chakula ulitoka tena.

Nyumba inatunzwa na mutu anayelala ndani yake. Bila mutu, hata chokaa ya bei gani haitoshi.

Malango ya huku kwetu

Sasa turudi Katanga. Malango ya mashamba ya huku hayakuanguka toka mbinguni. Comité Spécial du Katanga iliundwa mwaka 1900, na ndiyo iliyogawa ardhi kwa wazungu. Union Minière ilianza mwaka 1906, njia ya reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mji wa migodi ulihitaji chakula cha wafanyakazi: unga wa mahindi, mboga, maziwa, nyama. Kabla ya vita ya 1914, Edmond Leplae, mkuu wa kilimo katika wizara ya makoloni, alijaribu kuleta wakulima Wabelgiji waishi Katanga na kulima kama kwao. Mpango ule haukufaulu kama walivyotaka. Lakini namna ya kujenga ilibaki: uwanja katikati, ghala, mazizi, na mbele kabisa, lango lenye nyumba.

Tofauti iko kwenye udongo na kwenye watu. Udongo wa matofali ya huku ni wa kichuguu. Munajua vichuguu vyetu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba. Mchwa wamekwisha kufanya kazi ya fundi: wameleta udongo laini wa chini wakaupanga juu. Mafundi walikata kichuguu, wakakanyaga udongo na maji, wakatia kwenye kalibu, wakakausha, wakapanga tanuri, wakachoma kwa kuni za msitu wa miombo. Waliofanya hiyo kazi hawakuwa Wabelgiji. Walikuwa babu zetu.

Na kazi za lango zilikuwa zile nne, pamoja na ya tano. Kuzuia mwizi, ndiyo. Kuhesabu magunia, ndiyo. Kutunza mavuno, ndiyo. Kuonyesha ukubwa wa bwana, zaidi ya Ubelgiji. Ya tano ilikuwa kuhesabu watu. Asubuhi kapita alisimama pale na kuita majina. Asiyeitika alikatwa siku yake. Siku ya posho watu walipanga mstari pale pale. Na mutu akipigwa fimbo, mara nyingi alipigwa mahali ambapo wengine wanaona. Wazee waliposema "ile nyumba ilitutesa" hawakusema mfano. Walisema historia ya ujenzi, kwa usahihi kuliko kitabu.

Kisha yakaja mengine. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation, na mashamba mengi ya wageni yalipewa wenyeji wenye majina. Wachache waliyatunza. Malata yalitolewa, milango ikauzwa, mashine zikalala kwenye nyasi. Mwaka huohuo, sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iliweka kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na mutu ao chama kinapewa haki ya kuitumia. Ndiyo maana karatasi yetu ni ya konsesyo. Na mwenye konsesyo anatakiwa kuonyesha kwamba anaitumia. Tutarudi kwa hilo.

Tulichosoma kwenye ukuta wetu

Ukuta unasomwa. Fundi mmoja mwenye mvi, aliyekwenda pamoja nasi, alitufundisha njia rahisi: tafuta mahali ambapo matofali hayashikani. Kama kuta mbili zimejengwa siku moja, matofali yao yanaingiliana kama vidole vya mikono miwili. Kama moja ilikuja baadaye, kuna mstari ulionyooka toka chini mpaka juu, unaweza kutia kisu.

Kwenye nyumba yetu ya lango tuliupata huo mstari mara mbili. Kwa hiyo nyumba si moja, ni tatu. Ya kwanza ni upinde wa katikati na chumba cha kushoto. Matofali yake ni madogo, magumu, ya rangi nzito, yameshikwa na udongo, na mbele ya upinde kuko mawe mawili ya kulinda pembe, kama yale ya Ubelgiji. Njia ilikuwa ya gari la ng'ombe. Ya pili ni chumba cha kulia, matofali makubwa zaidi. Ukuta wake wa mbele uko na dirisha dogo lililo chini, kimo cha mkono wa mutu anayesimama nje. Mzee mmoja aliliona akacheka kidogo akasema: "Pale ndipo tulipokea franga." Dirisha la mishahara. Ya tatu ni kile kibanda cha nyuma cha simenti, ambako familia ya zamu wetu inapika. Na upinde wenyewe ulikatwa upande mmoja, ukatiwa chuma juu, bila shaka ili lori lipite.

Gari la ng'ombe, dirisha la mshahara, lori, jiko la zamu: historia yote ya shamba imeandikwa pale, na hakuna aliyekusudia kuiandika.

Ugonjwa wake je? Tulidhani ni msingi. Sivyo. Msingi ni mzima. Ugonjwa ni maji, kwa njia mbili. Juu, malata yametoboka upande wa kushoto na maji yanateremka ndani ya ukuta. Chini, wakati fulani mutu alipaka simenti nzito nje, nusu mita toka ardhini, akifikiri anaulinda. Tofali la zamani lililoshikwa na udongo linataka kupumua. Maji yanayopanda toka ardhini yakifungiwa na simenti yanakaa ndani, tofali linalainika na kuanguka unga. Ukibandua ile simenti unakuta nyuma yake tofali limekuwa kama mkate uliolowa. Chokaa inaachilia maji yatoke, simenti inayafunga. Ndiyo maana mashamba ya kule Ubelgiji yalipakwa chokaa mwaka kwa mwaka, na tulidhani ni urembo tu.

Majibu kwa waliosema tuvunje

Kwa waliotaka matofali. Tulijaribu. Tulibomoa kipande kidogo cha ukuta wa nyuma uliokwisha kuanguka, tukahesabu mazima na yaliyovunjika. Yale ya udongo yanatoka vizuri. Yale yaliyoguswa na simenti mengi yanavunjika. Ukitoa malipo ya wabomoaji na ya kusafisha, tofali moja la zamani halitupi faida kubwa juu ya tofali jipya la kichuguu kilicho hapo hapo shambani. Na baada ya kuvunja, bado tutahitaji chumba cha zamu, stoo, na mahali pa kupimia mahindi. Tutavunja nyumba ili tujenge nyumba.

Kwa waliosema ilitutesa. Wazee wetu, hatuna jibu la kuwashinda, wala hatulitafuti. Tunasema tu hivi. Yule aliyesimama dirishani akitoa mshahara ameondoka. Waliochoma matofali ni wa kwenu. Tukiivunja, kitakachopotea si jina la mzungu, kwa kuwa jina lake liko kwenye makaratasi mahali fulani. Kitakachopotea ni alama pekee ya kazi ya mikono ya baba zenu pale shambani. Kule Hougoumont waliacha ghala ambamo watu waliungua, na wanamwambia kila mgeni. Tunaomba nasi tuache lile dirisha kama lilivyo, na vijana wetu waje na kalamu kwa wazee, waandike majina ya waliofanya kazi pale, wakati wazee wangali nasi.

Kwa waliosema hakuna pesa. Ni kweli, kasha letu ni la michango na la likelemba, si benki. Kwa hiyo hatupendekezi kufanya yote.

Tunachopendekeza

Kwanza, malata ya upande wa kushoto na mbao mbili za paa zilizooza, kabla ya mvua ya Novemba. Hii haingoji. Nyumba isiyovuja inaweza kungoja miaka. Inayovuja haingoji msimu. Hapo tunaomba marafiki wetu wa mbali watusaidie, kwa kuwa malata na mbao ni vya kununua. Kila karatasi ya manunuzi itawekwa kwenye gazeti hili, kama kawaida.

Pili, kubandua simenti ya chini na kuchimba mfereji wa kupeleka maji mbali na ukuta. Hiyo ni kazi ya mikono. Tunaomba salongo ya Jumamosi tatu, kila mwanachama alete chombo chake. Kisha kupaka chokaa. Ya Kakontwe inapatikana, na mafundi wa kuipaka bado wako.

Tatu, familia ya zamu isitolewe nje. Wakati wa kazi ihamie stoo mpya, na baadaye irudi chumba cha kulia, chenye jiko lililotengenezwa. Wamelinda shamba letu miaka yote. Hatuwezi kutengeneza nyumba kwa kuwafukuza wanaoitunza.

Nne, na ndiyo tunayoshikilia zaidi: chumba cha kushoto, kile cha zamani kabisa, tukifanye chumba cha anayerudi.

Munajua tunasema nini. Kila mmoja kati yetu aliteremka Luano siku moja na valizi. Wengine walikuwa na mutu wa kuwapokea. Wengine walijua nyumbani wanangojewa na mikono iliyofunguliwa, wakingoja zawadi za Mputu, na ndani ya valizi hamna kitu. Kuko mwanachama aliyelala kwa rafiki wiki tatu kabla ya kumwambia mama yake kwamba amerudi. Kuko aliyejificha hotelini mpaka msaada wake wa kurudi ukaisha wote, kwa haya tu. Hatutaji jina, na hakuna wa kuchekwa, kwa kuwa haya hiyo tunaijua wote. Siku zile za kwanza ndizo zinazoharibu mengi: pesa inaisha, mutu anakopa, anaanza kudanganya, na kisha hawezi tena kusimama mbele ya watu wake.

Vitanda viwili, meza, ndoo, chandarua. Chumba mahali pa utulivu, mbali kidogo na mji, ambapo mutu aliyerudi anaweza kulala siku chache bila kulipa, akapumua, akaongea na mmoja wetu, akapanga namna ya kuingia nyumbani kwake kama mutu mzima. Na akitaka, asubuhi ashike jembe pamoja na wengine. Hatukuwa na hicho chumba sisi. Watakaotufuata wawe nacho.

Tano, kwa ajili ya karatasi. Nyumba iliyotengenezwa, inayotumika, yenye watu na kazi, ni ushahidi kwamba konsesyo yetu si pori lililoachwa. Siku atakapokuja mutu na makaratasi yake akisema shamba halina wenyewe, lango ndilo litakalomjibu wa kwanza.

Ndugu zetu, ile nyumba imefanya kazi tano katika maisha yake. Mbili zilikuwa za aibu: kuonyesha ukubwa wa bwana, na kuita majina ili kukata mishahara. Tatu zilikuwa nzuri na bado tunazihitaji: kulinda, kuhesabu mavuno, kutunza. Tunaomba tuziache zile mbili ziende, tushike zile tatu, tuongeze moja ya kwetu: kupokea.

Sasa mapendekezo yetu yako mbele yenu, moja kwa moja, na munaweza kukubali lingine na kukataa lingine. Tunaomba tu kura ya malata isiahirishwe. Mawingu hayatungojei.